Masika Anataka Muzigo

Hewa Bora, Lubumbashi
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mupenzi,

Ninaanza na magoti yako, maana najua ndiyo yanayokuambia kila asubuhi kama siku itakuwa nzuri au mbaya. Yanasemaje? Na kifua, na ile baridi ya Butembo, na yule mbuzi wako mwenye kiburi? Sisi huku tuko wazima. Mimi muzima, Ngalula muke wangu muzima, na Masika, ambaye ndiye unataka kusikia habari zake, ni muzima, anakula vizuri, na sasa ninapoandika anakoroma hapa pembeni. Paluku, kaka yangu unayemusomea mama barua hii, rudia hapo: mutoto anakula. Halafu endelea polepole, usiruke mistari kama kawaida yako.

Mama, usimungoje tena Masika uwanja wa ndege. Najua tulivyopatana: vakansi za masomo zikiisha na mutoto bado anatukataa, arudi kwako na mama Katungu, yule anayeleta maharagi huku na ndiye aliyekufikishia barua hii. Mama Katungu amerudi peke yake. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu wewe unaishika mbali kama kaa la moto, unapiga kelele, husikii kitu. Na sababu nyingine unaijua. Mara ya mwisho Masika aliposikia sauti yako, aligeuza simu akatazama nyuma yake, hakukuona, akalia mpaka usingizi ukamuchukua. Nikakuomba usipige tena kwanza. Ukasema sawa, basi. Ile sawa yako imenikaa moyoni muda wote huu, ndiyo maana nataka nikueleze yote.

Masika alipofika hapa alinisalimia kama anavyosalimia mchungaji. Mikono miwili, macho chini. Sikumulaumu. Tangu mama yake alipofariki akimuzaa, ni wewe, Koko yake, uliyemubeba, ni wewe uliyemulisha; mimi kwake nilikuwa picha ukutani na sauti ya Noeli. Lakini nilijiamini, Mama. Mutu anayefanya kazi katika depo ya vitu vya plastiki, vichezeo vimejaa mpaka kwenye dari, atashindwaje kumufurahisha mutoto wa miaka minne?

Basi siku ya kwanza nikamuletea kado ya kumukaribisha, pupe, ule mutoto wa plastiki mwenye nywele za manjano, ukimulaza anafunga macho. Masika akamupindua, akamuangalia chini na juu, akaniuliza, "Huyu anafanya kazi gani?" Nikamuambia ni wa kucheza naye. Akamuweka juu ya meza kwa heshima, kama sahani ya wenyewe, akaenda kukaa mulangoni.

Sikukata tamaa. Nikaleta kamio ndogo nyekundu yenye magurudumu ya kweli, nikajisemea labda damu ya biashara inaanza mapema. Aliisukuma mara moja kwa adabu. Nikaleta baiskeli ya magurudumu matatu. Hiyo watoto wa jirani waliimaliza, walinibariki sana siku zile. Nikaleta sufuria ndogo ndogo na mafiga yake, na hapo nikaona macho yake yanawaka kidogo. Akaniomba kiberiti. Nilipomueleza kwamba hii ni ya kupika bila moto, akanitazama kwa huruma, Mama, mimi baba yake, akazirudisha zote katika karto yake. Patroni wangu, unamujua, mutu wa kwetu, akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema Kambale, ndiyo mimi, anauza vichezeo kwa muji muzima, nyumbani kwake hana hata mteja mumoja.

Mimi nilicheka naye, lakini rohoni sikuwa ninacheka. Bukari, ugali wa huku, Masika alikuwa anamega matonge mawili tu na kunawa. Munkoyo, kinywaji cha mahindi ambacho watoto wa hapa wanakigombania, alikataa kuonja. Na Ngalula, Masika alikuwa anamuita "ule mama". Ule mama amesema uje kula. Ule mama ameanika nguo zako. Ngalula anaitika, anatabasamu, halafu naona anaenda kuosha vyombo ambavyo vimekwisha kuoshwa.

Kisha nikatumwa Sakania, kule mpakani, kungoja bidhaa zetu zilizokwama kwenye treni. Nikiwa huko Ngalula akapiga simu, sauti iko chini. Mutoto anaumwa kichwa. Kila asubuhi anachukua kitambaa cha kichwani cha Ngalula, anakipitisha kwenye paji, anainama, anazunguka uani polepole huku amekishika na mikono miwili karibu na masikio. Hapa, Mama, mutu akijifunga kitambaa kwenye paji hakuna anayemuuliza tena, kichwa kinamuuma. Na mimi, mutoto wa Butembo, niliyekulia nyuma ya mugongo wako, nikasikia kitambaa, nikasikia paji, nikasikia kuinama, na nikasema: mupeleke dispanseri. Unaweza kucheka. Paluku naye acheke, lakini asizidishe.

Akamupeleka. Wakamutoa damu, hakulia, na damu haikuonyesha kitu. Wakamupa dawa ya maji. Kesho yake, kitambaa kwenye paji. Jirani mumoja akaleta majani ya kumukandia, mwingine akaja kuomba naye, na hao ninawashukuru. Lakini kuna wa tatu, mama wa nyumba ya nyuma, alisimama katikati ya uwanja wetu akasema mbele ya watu: "Ule mutoto hapana kucheza, hapana kucheka. Iko na kintu." Wewe unajua neno hilo linapeleka mutoto wapi. Kwanza linazunguka kartie nyumba kwa nyumba, halafu linaingia kanisani, halafu mutoto anafungiwa na njaa ili aungame uchawi. Ngalula alimutoa yule mama kwa fagio, Mama. Kwa fagio, mpaka barabarani, yeye ambaye sijamusikia akipandisha sauti tangu nimuoe. Kisha akaingia ndani akanipigia, akalia.

"Kama mutoto anapata mabaya hapa kwangu," aliniambia, "nitamuambia mama yako nini?"

Niliogopa sana. Nikamuachia mwenzangu kazi ya treni, nikapanda kamio ya kwanza iliyokuwa inarudi Lubumbashi.

Nilifika asubuhi, jua limekwisha kupanda. Ngalula yuko uani na makala ya jiko, anataka kuwasha moto, ananionyesha kwa kidole nyuma ya choo: mutoto iko kule. Nikaenda pole pole. Nikamukuta Masika amechuchumaa, amenipa mugongo. Mbele yake kuna mufuko mutupu wa muchele, na ndani ya ule mufuko amepakia kado zangu zote: pupe, kamio, sufuria, mafiga. Amefunga kitambaa cha Ngalula kwenye mufuko, amekipitisha kwenye paji, anajaribu kusimama. Fundo likalegea, mufuko ukadondoka, akabaki amesimama na kitambaa kitupu kwenye paji. Hakulia. Akakaa tena chini, akaanza kufunga upya.

Mama, ni hapo ndipo nilipokuona wewe. Asubuhi za sokoni, mukanda kwenye paji, kitunga cha viazi mugongoni, na nyuma yako Masika na kamukanda kake kadogo na kuni zake tatu. Huku wanawake wote wanabeba juu ya kichwa. Ngalula hajawahi kuona mutu akibeba kwa paji, angejua namna gani? Lakini mimi?

Nikamuuliza unapeleka wapi muzigo huo. Akanijibu bila kugeuka, "Sokoni. Koko ananingoja, nimechelewa."

Nilikaa chini palepale, kwenye majivu. Nililia, siwezi kuficha, na wakati huohuo furaha ilikuwa inanijaa, maana mutoto hakuwa na ugonjwa, hakuwa na kintu, alikuwa na kazi yake tu na hakuna aliyemupatia. Nikafuta macho, nikamuambia fundo lake ni baya. Akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza ananitazama machoni.

Fundo langu nalo halikuwa zuri, mimi nimeona tu mugongo wako, sikufundishwa. Nilikata mupira wa ndani wa gurudumu, nikashona kitambaa juu yake ili usimukwaruze, nikamufunga. Tukatoka uani yeye mbele, mimi nyuma. Ngalula alipotuona aliacha makala. Nilimueleza yote. Akacheka, akafuta macho kwa mukono mweusi, sura ikawa kazi ya kuosha. Halafu akaogopa tena, na kwa haki: "Batasema namutumikisha mutoto wa mwenzangu." Nilimuambia waache waseme, mutoto mwenyewe atawajibu. Hakuridhika, ila asubuhi iliyofuata alipokwenda sokoni alimuchukua.

Najua utauliza uzito. Ni mukate mumoja na fungu la mboga ya lengalenga, basi, na siku nyingine vitunguu. Mimi mwenyewe ninapima kwa mukono kabla hawajatoka. Tangu siku ile matonge yamekuwa manne, kisha sikuhesabu tena, na munkoyo ameuonja akasema si mbaya lakini wa Koko wa ndizi ni muzuri zaidi. Pupe amepata kazi pia: anapanda juu ya lengalenga, eti analinda.

Sasa nisikilize vizuri. Siku ya Alhamisi niko depo, jua la saa sita, namuona Ngalula anaingia. Hajawahi kuja kazini kwangu. Alikaa juu ya maboksi ya ndoo, anahema, nikadhani ni habari mbaya. Akaniambia walikuwa wanatoka sokoni, yeye na beseni lake kichwani, akajikwaa, nyanya zikamwagika barabarani. Watu wakacheka. Yule mama wa nyumba ya nyuma naye alikuwa hapo, anaangalia. Na Masika akasimama katikati ya barabara na mukanda wake, akamuambia yule mama, wazi, wote wanasikia: "Mama yangu hajui kubeba. Nitamufundisha."

Nikamuuliza Ngalula alisema namna gani, mama yangu au ule mama? Ngalula akasema, "Mama yangu. Alisema mama yangu." Akarudia mara nyingine, kisha akaamka akaenda, maana alikuwa ameacha sufuria kwa jirani.

Mama, usidhani amekusahau. Kila jioni anapofungua mukanda anauliza kama Koko amefika salama sokoni. Ninamujibu umefika, umeuza, umerudi, umepumzika. Basi tafadhali, upumzike kweli, nisimudanganye mutoto. Na Jumapili ijayo piga simu. Ameniahidi hatakutafuta nyuma ya simu.

Unisalimie Paluku na sauti yake iliyokauka kwa kusoma, pamoja na mukewe. Salamu kwa shangazi aliyemusindikiza Masika mpaka hapa na kutapika njia nzima angani. Mwambie mutoto bado anasimulia. Salamu kwa mchungaji, na kwa yule mama anayeuza ndizi kando yako. Kama bado mahali pa Masika pako wazi pale katikati yenu, aweke kitunga chake. Ngalula anakusalimia kwa magoti, namna ya kwao Kasai.

Nina ombi moja tu. Ule mukanda wangu wa mupira ni aibu, na Lubumbashi nzima nimekosa anayejua kuusuka. Usitume kitambaa, usitume biskuti, vichezeo ndiyo kabisa. Suka mikanda, mama Katungu ataileta akirudi. Suka miwili, Mama: mumoja mudogo, na mumoja wa kipimo cha mutu muzima, maana masomo ya Ngalula yamekwisha kuanza na mwalimu wake hana subira.

Ni mimi mutoto wako,
Kambale, baba ya Masika