Pole Uliyoiandika Kwenye Mkebe wa Kumi na Tisa

Mwaka mmoja umetimia tangu Jumanne ile ulipotutoka, Baba Becky, na karakana yako bado inanukia mafuta ya taa na sabuni ya kipande. Hatujabadilisha kitu. Overoli yako ya buluu tuliifua, tukaipiga pasi jinsi ulivyopenda, tukairudisha kwenye msumari wake.

Nakuandikia mimi, mkeo Wangeci, kwa niaba ya wote hapa nyumbani Dagoretti. Becky alitaka tuweke picha yako na mistari mitatu tu. Nilimwambia mistari mitatu haitoshi, kwa sababu safari hii tuna habari ya kukupa.

Kwa miaka thelathini na mmoja uliingia mjini kila asubuhi kupanga mafaili ya kampuni ya bima, orofa ya nne, na sijawahi kusikia kwamba hata moja lilipotea mikononi mwako. Wenzako walidhani ukistaafu utapumzika. Wewe ukaanza kukusanya trekta ndogo za bustani, zile za zamani zilizokuwa zikikata nyasi kwenye viwanja vikubwa vya Karen na Spring Valley kabla mimi na wewe hatujaoana, kisha zikaachwa nyuma ya mabanda mpaka mimea ikazifunika. Ya kwanza uliikuta Spring Valley, kuku akitamia juu ya kiti chake. Ulimwambia mwenye nyumba huna haraka. Ukarudi baada ya wiki tatu, vifaranga walipokwisha kuanguliwa.

Hukusomea ufundi popote. Ulijifunza kwa kufungua, kwa kufunga, na kwa kuandika. Kila kilichotoka kwenye mashine kiliingia katika mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, na kila mkebe ulipewa namba na kadi ndogo iliyokatwa kutoka kwa majalada ya zamani. Maneno yako kwenye kadi yalikuwa machache kama ya mtu anayelipia telegramu kwa neno. "Juu kulia." "Mbili, sawa." "Paka grisi." Kabla ya kugusa nati ya kwanza uliweka kiganja juu ya boneti, ukasema kwa sauti ya chini, "Pole, mama. Nakufungua kidogo." Tulikucheka kwa hilo miaka yote. Hukukasirika hata siku moja.

Jirani yetu Muasya ndiye aliyekucheka zaidi. Unamkumbuka akiwa ameegemea ua, kikombe mkononi.

"Mzee, shamba yako ni robo eka na trekta ni saba. Kwani unalima barabara?"

"Nalima jioni zangu," ulimjibu, ukiendelea kusugua kabureta kwa mswaki wa zamani.

Mashine yake ya kukata nyasi ilipogoma, alikuja akiisukuma, hana mzaha hata kidogo. Uliitengeneza huku akinywa chai yetu, na maneno yake ya barabara hukuyagusa.

Jumamosi zako zilikuwa za Kirinyaga Road. Ulitoka na beringi iliyokwisha, umeifunga kwa gazeti na kuitia kwenye mfuko wa koti la kazini, ukaingia duka moja la vipuri baada ya jingine. Muuzaji akikuambia haipo, ulimshukuru kama aliyekupatia. Nilikuwa nikishangaa. Sasa nimezunguka maduka hayo mwenyewe, na wauzaji wote wananiuliza, "Yule mzee wa gazeti yuko wapi?"

Hukupaka rangi mashine ambayo haijatembea. Ulisema rangi ni ya mwisho. Na hata ulipopaka, uliacha alama ambazo wenye mashine walizitia kwa mikono na miguu yao: usukani uliolainika upande mmoja, kanyagio lililolika. Hizo hukuzigusa. Trekta sita zilirudi kazini kwa mkono wako, moja inakata nyasi ya kanisa letu mpaka leo, na ya saba ndiyo iliyotuletea kazi mwaka huu.

Ilikuwa ya marehemu Sadiq wa Parklands. Mjane wake, Bi Mahira, alikupa mwenyewe banda lilipobomolewa. Nilikuwepo siku hiyo, nimekaa kando yako barazani kwake, na maneno yake nayakumbuka yote.

"Mwanangu, sikuombi uirembe. Macho yangu haya hayaoni tena, hata ukiipaka dhahabu sitajua. Sadiq alikuwa akikata nyasi kila Alhamisi baada ya alasiri, nami nikimsikia nikiwa jikoni. Nataka kuisikia mara moja tu."

"Utaisikia, bibi," ulimwambia.

"Ilikuwa na kwikwi."

"Kwikwi pia utaisikia."

Ulituacha ikiwa imelala ndani ya mikebe arobaini na mitatu. Bi Mahira alipopiga simu wakati wa matanga, alinipa pole, kisha akaniambia ahadi ile nisiibebe, Mungu ameshaona nia yako. Nilimshukuru. Lakini mwezi wa tatu mwaka huu alipiga tena. Nyumba ya Parklands imeuzwa, bintiye Mabruka anakuja kumchukua waende kukaa Mombasa, na mwisho wa mwezi wa sita atakuwa ameondoka. Hakuitaja trekta. Nilipoweka simu chini nilikwenda karakana, nikawasha taa, nikahesabu mikebe.

Hukuwahi kunifundisha, na sikuwahi kukuomba. Nilinunua daftari la miraba nikaanza na mkebe wa kwanza. Nilinakili kila kadi, nikachora kila kitu kilivyokaa, nikarudia mara mbili nilipokuwa na shaka. Becky alikuja kila mwisho wa wiki, naye ndugu yako Mungai kila Jumapili baada ya ibada. Ulikuwa umepanga vizuri mno, Baba Becky. Kuna nyakati nilihisi kwamba hatuungi mashine, tunasoma barua yako. Injini ilirudi mahali pake bila kubaki hata nati moja, na Mungai akasema hilo peke yake ni muujiza.

Kisha tukafika mkebe wa kumi na tisa. Ndani yake kulikuwa na bolti mbili fupi za kushikilia kabureta. Kwenye kadi uliandika neno moja: "Pole."

Becky alilisoma kwa sauti, akanitazama.

"Mum, huyu alikuwa anaomboleza bolti?"

"Labda zilimsumbua kuzitoa," nikasema.

"Ama alikuwa anaombea kabureta msamaha," Mungai akasema. "Huyo ndugu yangu! Hata chuma alikuwa anakipa rambirambi."

Tulicheka, tena sana, na hicho kilikuwa kicheko chetu cha kwanza ndani ya karakana hiyo tangu uende. Tulikusikia ukisema "pole, mama" kama ulivyozoea, kwa hiyo hatukufikiri zaidi. Mungai akachukua spana ndefu akakaza. Alikaza kwa upendo, kama mtu anayetaka kitu cha ndugu yake kisilegee tena. Tukasikia mlio mdogo, kama biskuti ikivunjika. Sikio la kabureta, pale bolti inapopita, lilikuwa limeanguka kwenye sakafu.

Ni Mungai mwenyewe aliyeniambia niandike kwamba ni yeye. Mimi sikumlaumu, na wewe usingemlaumu. Kadi niliisoma pia. Alikaa juu ya kreti ya soda, spana magotini, akasema, "Miaka miwili aliitafuta kabureta hii. Mimi nimeiua kwa dakika moja." Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita Bi Mahira aondoke. Nilizunguka Kirinyaga Road siku tatu na kile kipande kwenye gazeti. Kabureta nyingine haikuwepo. Nikawaambia asante.

Siku ya nne nilimpelekea rafiki yako Oduor, fundi wa kuchomelea pale Dagoretti Corner. Niliweka kabureta mezani kwake, kile kipande, na kadi yako kando. Oduor hakuiangalia kabureta kwanza. Aliichukua kadi, akaanza kucheka mpaka akavua miwani ya kazi.

"Mama Becky, mlikaza hii kama nati ya lori, si ndiyo?"

"Tulikaza."

"Na mkadhani mzee anawapa pole ya msiba."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hata mimi alinifanyia hivyo hivyo! Tulikuwa tunafunga kabureta ya ile ya Karen, mimi nimeshika spana, yeye ameshika tochi. Akaniambia, 'Pole.' Nikasema, 'Asante, mzee,' nikaendelea kukaza. Akarudia, 'Oduor, pole.' Nikamwambia, 'Asante sana, tumeshapoa.' Ikakatika, kwa! Hapo ndipo akanipa pole ya tatu. Na hiyo sasa ndiyo ilikuwa ya msiba."

"Kwa hiyo alimaanisha nini?"

"Kaza pole, Mama Becky. Pole pole. Hii madini ni laini kama sabuni. Unakaza na vidole mbili, unasikia ikigusa, unawacha. Yeye alikuwa anaandika mara moja tu, kadi ni ndogo."

Nilikaa pale kwenye benchi lake na kadi mkononi. Mwaka mzima nimeambiwa pole. Nimeambiwa kanisani, sokoni, benki, langoni, na watu ambao sikuwajua hata jina. Nilijibu asante kila mara, kisha nikarudi nyumbani na kuendelea kujikaza. Nilijikaza kwa Becky asinione nikilia. Nilijikaza usiku na mchana, nikidhani huko ndiko kukuheshimu. Na wewe neno lako lilikuwa limelala ndani ya mkebe, linangoja nilisome vizuri.

Oduor alilichomelea lile sikio polepole, tone moja, anapumzika, tone jingine. Ilimchukua siku nzima, na hakutaka kitu ila kile kimswaki chako cha kabureta, akiweke kwenye kisanduku chake. Nilimpa. Nafikiri ungempa.

Bolti zile nilizifunga mimi. Mungai alinishikia tochi. Nilikaza kwa vidole viwili, nikasikia ikigusa, nikaacha. Mkono ulitaka kuongeza kidogo, nikauondoa.

Bi Mahira aliletwa kwetu na Mabruka Jumamosi, siku nne kabla ya safari. Tulimwekea kiti kivulini, shali magotini, na Muasya alikuja na kikombe chake akaegemea ua. Oduor naye alikuwa amekuja, akasimama kando ya Becky. Mungai alizungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akazungusha tena, kwa nguvu zaidi, ikanyamaza tena, na nikaona mkono wake ukianza kukaza kama siku ile ya spana. Sote watatu tukasema kwa pamoja, mimi, Becky, na Oduor:

"Pole!"

"Asante," Mungai akajibu, na Oduor akapiga kofi paja lake.

Nikasogeza choki ya hewa nusu, nikaweka kiganja changu kwenye boneti. Sikusema kitu kwa sauti. Mungai akazungusha ufunguo kwa utulivu, na trekta ya Sadiq ikawaka. Ikanguruma, ikatulia, kisha katikati ya mngurumo ikaruka kidogo, kwik, ikaendelea, kwik tena.

Bi Mahira alikuwa ameinua uso. "Subirini," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa akisema kitu. Akasikiliza kwa muda mrefu.

"Hii kwikwi naweza kuitoa, bibi," Mungai akamwambia. "Ni kugeuza skrubu moja tu."

"Thubutu!" akasema. "Iguse uone. Hapo Sadiq alikuwa akipita karibu na mpera." Kisha akanyoosha mkono, Becky akaushika. "Mume wako alikuwa mtu wa kweli, Wangeci. Aliniambia na kwikwi nitaisikia."

Mungai akaipanda, akakata nyasi ya robo eka yetu, mara mbili, mpaka hakukuwa na jani la kukata. Muasya alifungua mdomo mara moja tu: "Leo hata barabara mngelima." Bi Mahira hakutaka kuondoka mpaka mafuta yalipoisha yenyewe.

Rangi tumeanza wiki hii. Ni nyekundu ile ile, na kile kipande cha boneti ambacho Sadiq alikuwa akikishika akigeuka, kilicholainika mpaka chuma kinang'aa, tumekizungushia karatasi kisiguswe.

Kadi ya mkebe wa kumi na tisa haiko tena karakana. Iko jikoni, juu ya kabati la vikombe, ambapo naiona kila asubuhi. Nimeanza kulia inapobidi, Baba Becky, na Becky ameniona, na hakuna kilichovunjika.

Tunaokukumbuka ni mimi, mkeo Wangeci. Binti yako Becky na mumewe Jeremy. Mjukuu wako Anita, anayesema trekta zote ni za guka, babu yake. Ndugu yako Mungai. Rafiki yako Oduor. Jirani yako Muasya, aliyeomba jina lake liwekwe. Na Bi Mahira, anayekuombea dua akiwa Mombasa.

Hatutakusahau maadamu tupo. Na pole yako, tumeipokea.