Vibanio vya Manshete na Shati Iliyokuwa Njiani

Papa Mukwe mpendwa, wewe uliyenipa binti na shati kwa siku moja,

Nakuandikia barua hii wazi, bila bahasha, kwa sababu huko uliko posta haifiki, na pia kwa sababu watu wa Porte de Namur hapa Bruseli wameanza kuitengeneza hadithi yetu kwa midomo yao. Juzi kwa kinyozi nimesikia eti siku ile nilikuja kuomba binti yako bila suruali. Bila suruali, Papa! Mimi! Donc acha niiseme mwenyewe, mbele yako na mbele yao. Mwaka wa kilio umekwisha, binti yako Julienne ametoa nguo nyeusi, na mimi nimebaki na kitu ndani ya mfuko wa koti ambacho kila nikitafuta funguo kinaniuma kidole.

Ni vile vibanio.

Wewe unavijua, lakini hawa wanaosoma juu ya bega lako hawavijui. Kibanio ni kitu kidogo cha chuma cheupe, kirefu kama kidole gumba, chenye meno pande mbili. Meno ya upande mmoja yanauma kitambaa cha ndani ya mkono wa koti. Ya upande wa pili yanashika manshete, yaani ule mwisho wa mkono wa shati unaokaa kwenye kifundo, ukiwa umekatwa peke yake. Mtu akikutazama anaona weupe umechungulia, anasema moyoni: huyu bwana amevaa shati. Kama shati yenyewe ipo au haipo, hiyo ni siri yako na Mungu. Zamani wazungu walivitumia ili wabadilishe manshete chafu bila kufua shati nzima. Hata uvivu wao ulisoma shule.

Mimi nilivinunua kwa soko la vitu vikuukuu nikidhani ni vya kubana soksi. Muuzaji, mzee mmoja wa hapa Bruseli mwenye mbwa, alinicheka mpaka mbwa akaamka. Sikuona haya. Mtu aliyefika Paris, Milan na Geneva (Geneva nilipita nimelala ndani ya treni, lakini kupita nilipita) hatishwi na mbwa.

Sasa turudi kwa ile Jumamosi ya joto, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Ulikuwa umekubali kunipokea pamoja na Tonton Médard, ndugu ya mama yangu, aje kusema kwa niaba yangu. Asubuhi nikaweka shati yangu nyeupe juu ya meza, nikapiga pasi. Mbele yangu kulikuwa kioo. Bon, mtu mbele ya kioo, utamfanya nini? Nikaanza kujaribu hotuba: «Papa, mi niko muntu wa mataifa...» Nilipofika kwa mataifa nikasikia harufu.

Pasi ilikuwa imetoboa mgongo wa shati, tundu la umbo la pasi yenyewe, kama imejipiga picha. Kola ilikuwa nzima, kifua nusu, manshete zote mbili nzima. Shati nyingine sikuwa nayo. Pesa yote ilikuwa imeingia ndani ya koti na viatu, kama kwa kila mtu mwenye akili pale Matonge, mtaa wetu wa Porte de Namur. Nikachukua makasi. Kola na kipande cha kifua nikafunga kwa kamba mgongoni, tai juu yake, manshete nikazibana na vibanio, koti juu ya yote. Nikajiangalia. Waziri mtupu!

Lakini nyumba yako ya Saint-Gilles ilikuwa ghorofa ya mwisho, chini kabisa ya paa, na siku ile paa ilikuwa inapika. Madirisha wazi, upepo hakuna. Wewe, kilerki, yaani karani wa zamani wa kampuni ya shaba kule Lubumbashi, ulikuwa umekaa na tai yako imenyooka. Hata hivyo ulikuwa na huruma. Ukatoa koti yako kwanza, ukaiweka kwa kiti.

«Joto hii itatuua. Tonton, vula koti. Na weye mukwe, vula, uko ku nyumba.»

Wasiotoka kwetu watauliza: sasa shida iko wapi? Shida ni bukwe. Kwetu mkwe na baba mkwe hawaonyeshani mwili. Hawaogi mahali pamoja, hawakutani bila nguo hata kwa bahati mbaya. Likitokea, si jambo la kucheka. Ni ukoo umepasuka, na kuushona tena kunataka mbuzi na wazee na maneno marefu. Na sisi hata ndoa ilikuwa bado! Kama ningevua ile koti, ungeona mgongo wangu, kifua changu na kamba yangu. Maman, mke wako, angefunika uso na kitambaa, na Julienne ningempoteza kabla ya bukari, ugali wetu, kuiva.

«Papa, mi niko bien.»

«Uko bien? Jasho inakuingia mu macho.»

«Kule Milan, Papa, bwana havule koti mbele ya maman.»

«Hapa hatuko Milan. Hapa ni Saint-Gilles.»

Tonton Médard akanipiga teke chini ya meza. «Vula, kijana, unatuletea haya!» Yeye alikuwa ameshavua, tumbo lake limepumzika vizuri.

Hapo Julienne akaingia na beseni la kunawa, taulo begani, akapiga magoti. Wewe na Tonton mkakunja mikono ya shati, kama kila mtu anayejiandaa kuingia ndani ya bukari na sombe, majani ya muhogo. Mimi nikanyoosha mikono hivyo hivyo, koti na yote, kama mtu wa kufungwa pingu. Julienne akamwaga maji. Jasho lilikuwa limeshalegeza kibanio cha kushoto. Nikasikia tik. Manshete ikaanguka ndani ya beseni, ikaogelea kama bata, kibanio nyuma yake kikazama.

Julienne, Mungu ambariki, akatupa taulo juu ya beseni.

«Julienne,» ukasema, «toa ile taulo.»

Ukaingiza vidole viwili, ukatoa manshete, ukaigeuza huku na huku. Ukatoa na kibanio, ukakitazama muda mrefu. Halafu ukatazama kifundo changu cheusi kilichotoka kitupu ndani ya mkono wa koti.

«Kijana. Hii ni mukono ya shati.»

«Ndiyo, Papa.»

«Shati yenyewe eko wapi?»

«Papa... shati eko njiani.»

Mpaka leo sijui jibu lile lilitoka wapi. Tonton Médard aliniambia baadaye kwamba tayari alikuwa ameshika koti yake ili tukimbie. Maman alikohoa. Uso wako haukubadilika hata kidogo. Ila nikaona mabega yako yameanza kutikisika.

«Maman Julienne,» ukasema taratibu, «muende bote ku jikoni, muone kama bukari eko muzima.»

Wanawake wakaenda. Ukamtuma Tonton chumbani kuleta shati nyeupe kabatini. Halafu ukafanya kile ambacho nimekibeba mpaka leo: ukasimama, ukageuza kiti chako, ukakaa ukinipa mgongo, uso kwa dirisha, juu ya reli ya tramu za mtaani.

«Vaa,» ukasema. «Mi naangalia tramu.»

Nikavua koti, nikafungua kamba, nikavaa.

«Umemaliza?»

«Bado vifungo, Papa.»

«Vifungo ya Milan njo inakawia vile?»

Shati yako ilikuwa kubwa, shingo yangu ndani yake kama kijiti ndani ya chupa. Lakini nikarudisha koti juu yake, na wanawake waliporudi nikaivua kama mfalme. Nikakunja mikono, nikala mpaka Maman akasema huyu ametoka vitani. Baada ya kula ukaweka vibanio ndani ya mfuko wako.

«Hii inabakia kwangu. Weye umepata shati.»

Halafu ukatuambia kwamba ujana wako wote kazini ulivaa hivyo hivyo, wewe na rafiki yako Nestor, meza kwa meza. Shati moja, manshete nyingi, na mabwana wanasema, hawa makilerki ni wasafi! Tangu siku zile, wewe na Papa Nestor hamjaonana bila tai, hata hapa Ulaya, yeye akiwa Liège na wewe Saint-Gilles. Nilicheka, nikasahau. Mimi kichwa changu kilikuwa kwa Julienne.

Miaka ikaenda. Tukaoana, binti yetu Bibiche akazaliwa, na wewe ukaanguka jikoni asubuhi moja, upande wa kushoto wote ukakataa kazi. Wakakupeleka hospitali kule Woluwe. Julienne alikuwa kazini, akiogesha wazee wa wengine, donc mchana aliyekaa nawe ni mimi. Tulikaa kwa bukwe yetu. Muuguzi akija kukugeuza, mimi niko nje kwenye koridoo. Kanzu ya hospitali ikifunguka mgongoni, mimi macho kwa dirisha. Siku nyingine nilivuta pazia, nikakusimulia Geneva nikiwa upande wa pili. Ulikuwa unajua kwamba Geneva nilipita nimelala. Ulikuwa unauliza maswali tu ili nidanganye zaidi.

Ndipo Papa Nestor akapiga simu. Anarudi Lubumbashi moja kwa moja, tiketi iko mkononi. Kesho anapita kukuaga.

«Umuambie nimelala,» ukasema.

«Papa, anakuja kesho.»

«Kesho pia nitakuwa nimelala. Nestor hayaniona bila tai tangu tuko vijana. Hataniona mu hii kanzu ya mutoto wa kuogeshwa.»

Jicho lako la kulia, lile lililokuwa bado linatii, likatoa chozi. Nikaona mambo yalivyo. Mtu huyu hatapona, na yule anapanda ndege, na hawataagana kwa ajili ya nguo. Nikamuuliza muuguzi kama unaweza kuvalishwa shati. Haiwezekani, akasema, mirija imepita huku na huku. Na hata kama ingewezekana, nani wa kukuvalisha? Julienne na ndugu zake wako kazini, na mikono yangu mimi ni ya mkwe.

Alors kichwa hiki, kilichoacha shule darasa la tano kwa sababu kilikuwa kimeshajua ya kutosha, kikafanya kazi. Nikaenda Saint-Gilles, nikamwomba Maman vibanio. Alivitoa ndani ya sanduku la soksi zako, vimefungwa kwa leso kama dhahabu. Nikapita nyumbani, nikaiweka ile shati yako mezani, ile uliyonipa, nguo niliyoiheshimu kuliko koti zangu zote. Nikachukua makasi. Safari hii mkono ulikuwa mzito. Nikakata kola, kipande cha kifua, na manshete zote mbili.

Kesho yake nikakuvalisha bila kukuvua. Kanzu ya hospitali ilikuwa na mikono mirefu. Nikabana vibanio kwenye mikono ya kanzu, nikazungusha manshete juu ya mirija, nikafunga vifungo. Kola na tai nikaziweka juu ya kanzu, koti nikaitandika mabegani, blanketi nikaipandisha. Mikono yangu haikugusa mwili wako, Papa. Iligusa kitambaa na chuma tu. Ukaomba kioo. Ukajitazama.

«Shati eko wapi?» ukauliza.

«Eko njiani, Papa.»

Ile nusu ya mdomo wako iliyobaki ikacheka peke yake.

Muuguzi akaingia, akashtuka, akauliza kwa Kifaransa kama bwana anatoka. Ukamjibu kwa Kifaransa chako cha ofisini: hapana, mademoiselle, bwana anapokea wageni.

Papa Nestor akafika na kofia yake.

«Kilerki!»

«Kilerki mwenzangu! Umechelewa.»

Akakaa karibu. Akakushika mkono, na kidole chake kikagusa kibanio. Nilimwona. Mtu aliyevivaa ujana wake wote, angekosaje kuvijua? Alinyoosha tu manshete zake mwenyewe, moja, halafu nyingine, kama mtu anayeanza kazi asubuhi. Mkaongea habari za mkuu wenu aliyekuwa analala na kalamu mkononi, mkacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili naye akacheka bila kujua Kiswahili. Kwenye koridoo Papa Nestor alilia juu ya koti yangu, ile ya Milan. Nilimwacha alie, na mnajua mimi na koti zangu.

Nilipokuvua kola ukaniambia: «Nikikufa, musinizike na hii vibanio. Watanivalisha shati muzima. Weye uibeke.»

«Ya nini, Papa?»

«Bibiche atakomaa. Siku moja kijana atakuja kumuomba. Umuambie avule koti.»

«Na akikatala?»

«Kama anakatala, na jasho inamuingia mu macho...» Ukapumzika kidogo. «Weye pia ugeuke ku dirisha.»

Walikuvalisha watoto wako wa kiume, shati nzima, vifungo vyote. Mimi nilisimama nyuma kama inavyotakiwa kwa mkwe, mkono mfukoni, kibanio kinauma kidole.

Tangu uende, Papa, nimekuwa mtu mwingine kidogo. Si sana, usiogope. Bado nadanganya habari za Geneva, lakini hakuna anayeniuliza maswali kama wewe. Bibiche sasa anakimbia nyumba nzima akivaa viatu vyangu. Kabatini nimetundika shati moja nyeupe ambayo siivai, kubwa ya shingo, kama yako. Niliipiga pasi mwenyewe, kimya, bila hotuba. Na kiti changu nimekiweka mahali ambapo mtu akikigeuza anaona tramu.

Kijana achukue muda wake. Hata vifungo vikikawia.

Lala na tai yako, Papa.

Mimi mukwe wako, yule wa Milan