Dada Hachezi

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeisikia sauti yangu kwenye tivi ikisema maneno ambayo sikuyasema. Sijarukwa na akili. Ngoja niyaandike kwa mpangilio.

Chiriku alirudi kutoka shule saa saba. Baba yake, yaani mdogo wangu, hafungi saluni yake kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo mchana mtoto ni wangu, yeye na mdomo wake wote. Nikamwashia katuni ya pacha, ile ambayo mimi ndiye sauti ya Dada yao. Sehemu mpya. Pacha wamemwaga rangi sebuleni, kuku wao amekuwa wa bluu. Mara Dada akatokea mlangoni, mikono kiunoni: acheni, acheni mara moja, nitasema kwa mama! Sauti yangu. Mguno wangu. Hata kile kikohozi kidogo ninachokohoa kabla ya kugomba. Lakini mimi sijakanyaga studio tangu Januari!

Chiriku akaniangalia mimi, akaangalia tivi, akaniangalia tena. Akasema shangazi leo umegomba vizuri. Nikamwambia asante. Ningemwambia nini?

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda studio bila kuitwa. Fundi sauti aliponiona tu akaanza kupanga nyaya ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Maskini, hajui kuficha kitu. Nikamwambia nionyeshe. Akanionyesha.

Kwenye kompyuta yake kuna folda imeandikwa DADA. Ndani nimo mimi, miaka sita ya kazi, nimekatwakatwa vipande. "Acheni" ziko kumi na saba. "Tokeni chumbani kwangu" tisa. "Nitasema kwa mama" ishirini na mbili – za hasira, za uchovu, moja ya mafua. Miguno. Kubamiza mlango. Sehemu mbili nzima za msimu huu wamezipika kwa viporo vyangu!

Nikaingia kwa Mwongozaji, damu inanichemka. Yeye wala. Alikuwa anakoroga chai. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba hakutaka kunisumbua bure. Dada anasema yale yale kila wiki, sasa kwa nini nivae viatu nije kuyasema upya? Nikamuuliza, kwa hiyo nimefukuzwa? Akashangaa kweli. Akasema hapana bwana, wewe umo kila wiki.

Nimo kila wiki. Na sipo! Nimerudi kwa miguu mpaka nyumbani nikiongea peke yangu, watu wakinipisha njia.

Alhamisi, 7 Machi

Hasira imeshuka. Imebaki aibu, na hiyo ni mbaya zaidi.

Nimetoa maandishi yote ya zamani chini ya kitanda, sehemu sitini na nne, nikayasoma sakafuni. Nilitaka nipate ushahidi wa kumpelekea Mwongozaji. Sikupata. Dada anafanya nini kwenye katuni hii? Anafungua mlango, anakemea, anafunga mlango. Pacha wanajenga meli kwa viti – Dada anavitaka viti. Pacha wanamfundisha kuku kuimba – Dada ana mtihani kesho. Kazi yake ni kuzima. Asipokuwepo wa kuzima, pacha hawana wa kumkimbia, na hakuna hadithi. Nalielewa hilo. Lakini ana miaka kumi na tano jamani, na katika sehemu sitini na nne hajacheka hata mara moja. Nimehesabu.

Na aliyempa sauti ni mimi. Hakuna aliyeniambia nimfanye kama mlinzi wa geti.

Nimempigia Mwandishi. Ni mama mpole, anaandikia nyumbani huku akilea. Nikamwomba sentensi moja mpya ya Dada. Moja tu, ambayo haimo kwenye folda. Nikamsikia mtoto wake analia nyuma, kisha akasema kuna kitu alikiandika mwaka jana wakakikata. Atanitafutia.

Jumamosi, 9 Machi

Kimefika. Ukurasa mmoja, tena haujajaa.

Pacha wanaruka kamba uani. Dada anatoka, mikono kiunoni kama kawaida yake. Pacha wanaitupa kamba, wako tayari kutimua mbio. Dada anasema: "Na mimi nicheze?"

Basi. Imeisha hapo.

Nimeisoma nimesimama jikoni, kijiko mkononi. Maneno matatu. Mtoto anayejifunza kuongea anayaweza! Mwongozaji amekubali tujaribu Jumatatu, na lazima iwe imekamilika ifikapo Ijumaa, maana wachoraji wanasubiri sauti ndipo wachore midomo. Ikishindikana tunarudi kwenye folda, na Dada atakuwa wa folda mpaka msimu uishe. Hakusema kwa ubaya. Hiyo ndiyo inayoniudhi, hasemi chochote kwa ubaya.

Mdogo wangu alipokuja kumchukua Chiriku nikampa asome. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema, Dada, wewe hukuwahi kuuliza hivyo. Nikamwambia hii ni katuni. Akasema anajua ni katuni, ila kile kikohozi si cha katuni. Eti mpaka leo kikilia kwenye tivi ya saluni, anaangalia miguu yake kama ina matope, mteja kakaa, kichwa kimenyolewa nusu!

Tukacheka sana. Yeye zaidi yangu.

Jumatatu, 11 Machi

Imekataa.

Niliingia chumba cha kurekodia saa tatu. Visikizi masikioni, maji ya uvuguvugu, karatasi mbele. Taa nyekundu ikawaka. Nikakohoa. Sikutaka kukohoa, kikohozi kilikuja chenyewe! Na nyuma yake ile "na mimi nicheze" ikatoka imekunja uso. Fundi sauti akaniuliza kwenye visikizi: sasa hapo umewaomba au umewakamata?

Tukarudia. Mara ya tano nilisikika kama naidai kamba yenyewe. Mara ya tisa nikajaribu kulegeza, Mwongozaji akasema Dada hajafiwa. Mara ya kumi na nne nikajaribu kutabasamu, likatoka jambo ambalo sote watatu tumekubaliana kulifuta. Tulipofika ishirini Mwongozaji akasema tupumzike, turudi Ijumaa asubuhi, mara ya mwisho.

Wakati wa kutoka nilimgombeza fundi sauti kwa sababu waya wake ulinikwaza. Nimemgombeza vizuri sana, bila kujaribu, mara moja tu. Angekuwa amerekodi angepata "acheni" ya kumi na nane.

Jumatano, 13 Machi

Nimefanya mazoezi bafuni, kwenye ngazi, mbele ya kabati. Jirani kaniuliza kama nina mgeni. Haitoki.

Ngoja niandike wazi, hapa hakuna anayesoma. Naogopa. Si kwa ajili ya kazi tu. Naogopa kwamba siujui mlio wa ombi hilo kinywani mwangu, kwa sababu sikuwahi kuliomba. Nilikuwa na miaka kumi na tano mama alipopata kazi ya mbali. Alikuwa anarudi mwisho wa mwezi. Niliachiwa ufunguo, nyumba, na mdogo wangu wa miaka sita mwenye miguu ya matope. Yeye na wenzake walikuwa wanaruka kamba pale pale chini ya dirisha, mimi nafua. Nilikuwa nahesabu nao kimoyomoyo. Nilikuwa najua nani atakosea kabla hajakosea. Halafu natoka nje nakohoa: acheni, mama anakuja kesho, nyumba chafu!

Nilitaka kucheza. Mungu wangu, nilitaka sana. Sijawahi kumwambia mtu, na mama hana kosa, wala mdogo wangu hana.

Leo sina zaidi.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika haraka, nimekaa kwenye ngazi ya uani. Rafiki yake Chiriku ameenda kunywa maji, kwa hiyo mchezo umesimama.

Nilitoka saa kumi kuanua nguo. Chiriku na huyo mwenzake wanaruka kamba, wamefunga ncha moja kwenye nguzo kwa kukosa mtu wa tatu. Mimi na rundo la mashuka kifuani. Kamba ikaanguka. Chiriku akasema tunaacha, shangazi, tunaacha! Mwenzake tayari yuko nyuma ya tangi la maji.

Sijafungua mdomo. Wallahi sijafungua mdomo!

Nikasimama pale. Iliniuma, tena iliniuma kweli. Kile kikohozi kikapanda mpaka kooni. Nikakimeza. Nikaweka mashuka kwenye beseni, nikasema:

"Na mimi nicheze?"

Ikatoka ndogo. Imekwaruza katikati, ikapanda mwishoni, ikabaki inaning'inia huko juu. Uso ukaniwaka moto, mtu mzima wa miaka arobaini na moja! Na unajua nilichofikiria kwanza? Kichwa cha kazi hiki – mbona sikurekodi!

Chiriku alinikagua kutoka miguuni mpaka kichwani. Akasema hiyo siyo sauti ya Dada. Nikasema najua. Akauliza kama naweza kuruka. Nikasema naweza kuhesabu. Akafikiri. Akasema sheria ni sheria, anayeingia mwisho anashika kamba, tena asizungushe kwa nguvu. Sawa. Nikaifungua kwenye nguzo, nikashika. Nimezungusha mpaka bega linauma. Walipofika thelathini na moja nilijua Chiriku atakosea, na akakosea, na tukapiga kelele watu watatu. Jirani akachungulia dirishani. Achungulie.

Mashuka bado yako kwenye beseni. Wali sijabandika.

Mdogo wangu huyo amefika. Mapema leo. Amesimama getini na funguo mkononi, ananiangalia mimi na kamba iliyo magotini mwangu. Chiriku anamweleza kila kitu kwa wakati mmoja, kwamba shangazi ameomba, kwamba ameomba kwa sauti nyingine, kwamba hajaruka bado kwa sababu ni mgeni.

Ameweka funguo mfukoni. Anavua saa yake, anampa mtoto amshikie.

Ameichukua kamba magotini mwangu. Anasema, Dada, weka hilo daftari, vua viatu. Umeshika vya kutosha, leo nazungusha mimi.

Kesho saa tatu, studio. Sijui kama itatoka tena. Kiatu kimoja nimeshavua, kingine kimekwama. Mwenzake Chiriku amerudi, ameshika ncha ya pili. Kamba imeshaanza, inapiga chini, vumbi linaruka. Wananihesabia niingie. Moja. Mbili –