Ardhi Ilivyokuwa Kabla ya Shimo

Nyumbani, kwenye machimbo,
9 Agosti.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Miguu inakuruhusu kutembea siku hizi, au bado unashinda kitini? Sisi tunaendelea. Mama anakula kidogo, analala kidogo, ila uwanja anaufagia kila asubuhi. Huu ni mwezi wa nne tangu tumzike Baba. Najua hukuweza kuja, na hakuna aliyekulaumu.

Nakuandikia kwa sababu ya shimo la kokoto. Kibali cha Baba kilikoma alipofariki, kwa hiyo ofisi ya madini inataka tulifunge shimo na kuirudisha ardhi. Tumepewa hadi mwisho wa mwezi ujao. Tukishindwa, eneo lote linachukuliwa, pamoja na kipande anacholima Mama.

Tungekuwa tumemaliza zamani, Shangazi, kama wangekuwa na neno moja. Mkaguzi wa kwanza alisema tufukie. Mimi na kaka yangu, huyu tunayemwita Mhandisi kwa sababu aliwahi kufunga gurudumu la toroli kinyumenyume, tukasukuma kifusi wiki tatu hadi viganja vikachubuka. Akaja wa pili, akasema kifusi ni takataka, tukitoe. Tukakitoa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawa wakija, sisi tunaugua.

Wa tatu alikuja Jumanne, mama mmoja mpole. Kulikuwa na tope, akaomba buti. Za Baba ziko nyuma ya mlango, lakini Mama alimjibu hazipo. Akashuka shimoni na viatu vyake vya ofisini. Alipopanda akafungua faili, akatuonyesha fomu aliyoijaza Baba mwaka alioanza kuchimba. Niliutambua mwandiko wake, ule wa kukandamiza kalamu hadi karatasi inakaribia kutoboka. Palipoulizwa ardhi itaachwa katika hali gani, aliandika: "Kama ilivyokuwa."

"Ilikuwaje?" mkaguzi akauliza.

"Ilikuwa ardhi tu, mama," Mhandisi akajibu.

"Ardhi tu haina kipimo, mwanangu."

Jirani akadakia kwamba palikuwa na kilima. Baba Mdogo akaja juu: "Kilima gani? Pale palikuwa tambarare, tukicheza mpira!"

"Wewe ulikuwa unanyonya!"

"Na wewe ulikuwa hujahamia!"

Mkaguzi akafunga faili. Hakuna ramani, hakuna picha. Nilitaka kulia kwa hasira, Shangazi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamkasirikia Baba. Maneno mawili, basi, kisha akaenda zake na kutuachia sisi kuyafasiri.

Mkaguzi amekubali kupokea maelezo ya maandishi ya mtu aliyelima pale akiwa mtu mzima, kabla ya kuchimbwa. Umebaki wewe peke yako. Baba alikuwa akitusimulia kwamba wewe ndiye uliyemfundisha kushika jembe pale, na kwamba ulimchapa siku alipong'oa maharage mstari mzima akidhani ni magugu. Akifika hapo alicheka mpaka akakohoa.

Basi tuandikie. Upande upi ulikuwa juu? Maji ya mvua yalikimbilia wapi? Udongo mweusi uliishia wapi? Chora hata kwa penseli, mistari ikipinda si neno. Weka sahihi na tarehe. Na pale usipokumbuka, sema hukumbuki. Nimechoka kusukuma toroli kwa maneno ya kubahatisha.

Mama anakusalimu sana. Baba Mdogo naye anakusalimu, anaomba useme ukweli, yaani kwamba palikuwa tambarare. Mhandisi anasema safari hii gurudumu amelifunga sawasawa. Tusalimie wajukuu wote, hasa yule anayekusomea barua. Mungu akutunzie macho na mkono, akupe siku nyingi za utulivu.

Ukiketi kuikumbuka ile ardhi, nasi utukumbuke.

Mwanao akupendaye,
binti wa kaka yako.