Kombe Ndani ya Jiwe la Kaburi

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Salamu zako zimefika Takaungu, na nyanya yako hajambo. Waniuliza mawe hutokea wapi.

Ujanani nilichonga jiwe la kaburi la mama yangu. Nikakuta kombe la baharini limeganda ndani, nikataka kulitupa jiwe zima, nikiona lina kasoro. Baba akanizuia.

"Hapa palikuwa chini ya bahari," akasema. "Mchanga na makombe vilitua tabaka juu ya tabaka. Vya juu vikavigandamiza vya chini, chokaa ikavishikanisha, dahari na dahari, vikawa jiwe."

Tukalisimamisha kichwani pa kaburi la mama. Jana nimelisafisha: kombe lingalimo. Herufi za jina lake mvua imezila, zimekuwa mchanga, na mchanga umeteremka baharini. Huko waanza tena kuwa jiwe.

Babu yako