Nani Atamwosha Baba

Kibomet, Kitale.
9 Juni 2024

Mpendwa shemeji Wepukhulu,

Salamu kutoka huku kwa mvua. Habari ya Mombasa na joto lake? Mwambaje huko, wewe na Judy na mtoto? Sisi tuko tu. Mahindi yamefika magotini, na watoto wa marehemu kaka yako wanakula vizuri. Mimi nalala, naamka.

Uliuliza kuhusu Baba. Ule mgongo aliolalamikia kule Tongaren haukuwa mgongo. Ilikuwa bawasiri, na kando yake tundu lililotoa usaha miaka yote hiyo. Mzee alikuwa anakalia upande mmoja kanisani, nasi tunasema ni uzee. Aibu, shemeji!

Walimpasua hapa Kitale. Baada ya sindano ya mgongo alishangaa ati ana miguu asiyoisikia. Mimi sikushangaa. Tangu tumzike kaka yako Wamalwa niko hivyo mwili mzima.

Daktari hakushona kidonda. Alitaka kipone kutoka ndani: Baba akitoka chooni akalie maji ya chumvi ya uvuguvugu, aoshwe, awekewe bandeji safi. Kikifunga juu kabla ya ndani, atapasuliwa tena.

Sasa nani amwoshe? Unajua mila yetu, mkaza mwana na baba mkwe hata mkono hatupeani. Alikataa kulala nyumbani mwangu, akalala stoo na magunia. Jirani yetu Kimaiyo alikuwa anamsaidia, halafu akapata kazi Eldoret. Baba akakaa na bandeji ileile. Homa ikaja, na harufu. Nikasema turudi hospitali, akasema afadhali afe.

Jumanne nikabeba beseni nikaingia. Sikuogopa, sikuona haya, sikusikia kitu. Baba alijifunika uso kwa kofia yake. Niliosha polepole mpaka usaha ukaisha, nikaweka bandeji.

Nilipofika mlangoni akasema chini ya kofia, "Asante, Wamalwa."

Nikaitika, "Ndiyo, Baba."

Tangu hapo kila asubuhi ananiita hivyo, na mimi naitika. Homa imeshuka. Lakini leo nilipoitika nilikaa chini na beseni langu nikalia, mara ya kwanza tangu mazishi. Njoo, shemeji. Mwana aliyebaki ni wewe.

Nisalimie Judy, na shangazi Nakhungu ukimwona. Mungu akufungulie njia ya kuja nyumbani, ukifika niache nirudi kuwa mimi.

Shemeji yako akupendaye,
Nasike