Kikomo cha Picha

Jumatatu, 9 Agosti 1999

Picha haziingii kwenye seva kwa sababu yangu. Kikomo nilikiweka mimi, kwa modemu, kutoka hapa mezani, na sijamwambia mtu. Barua zinapita. Kitu kizito kuliko kurasa chache za maandishi kinarudishwa. Kwa nini — nitaandika nikipata nguvu.

Wafadhili wa ng'ambo wanataka kuona chai iliyopigwa na mvua ya mawe. Mwisho ni Jumamosi. Asiye na picha hapati mahindi wala mbolea. Ukurasa wa wakulima wa Silibwet niliutengeneza mimi. Mimi ndiye mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu wa hesabu wa chuo kikuu. Wananiamini kuliko mizani ya kituo cha majani, inayowapunja kila siku — si sifa kubwa.

Jumanne, 10 Agosti

Karani wetu ni Wanjuhi, binti wa Mureithi mwenye duka la mabati. Amepiga simu asubuhi nzima. Seva inamjibu 413, yaani mzigo umezidi. Nikamwambia aongeze kikomo cha PHP, programu inayopokea picha, kutoka megabaiti mbili hadi nane. Nilijua haitasaidia. Akaongeza. 413.

"Mwalimu, hii kitu inakula barua inatema picha," akasema. "Kama mtoto na mboga."

Nikamwambia akague diski. Nafasi tele. Nikamwambia basi ni laini ya simu. Laini ni mbaya kweli, kwa hiyo aliniamini.

Amri yangu imo ndani ya folda ya picha, kwenye faili ambalo jina lake linaanza na nukta. Orodha ya kawaida hailionyeshi. Seva inalisoma kabla PHP haijaguswa. Kazi safi. Nimefundisha mpaka nikachakaa, na hii ndiyo kazi yangu safi ya mwisho.

Jumatano, 11 Agosti

Sikuamka. Miguu imevimba. Robert hakupiga simu. Mwanangu yuko Nairobi, ana simu mbili.

Alhamisi, 12 Agosti

Janeffer wa shamba la chini ameleta mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, eti inipe damu. Mjane. Mawe yalimchania chai yote, hata magome yamebanduka. Akauliza kama mashine imepona. Nikasema bado.

"Basi mpone pamoja, wewe na hiyo mashine yako. Mmoja akichelewa, mimi nitapikia watoto nini?"

Akacheka. Ng'ombe wake amekauka. Maziwa ya mursik aliyaomba kwa watu. Nilikunywa mbele yake mpaka kibuyu kikaisha, kwa maana angeudhika.

Akauliza kama shamba lake haliwezi kutumwa peke yake. Haliwezi. Wanjuhi alipiga picha kutoka ng'ambo ya mto. Kila picha ya Janeffer ina shamba langu juu yake.

Ijumaa, 13 Agosti

Wanjuhi amekuja mwenyewe, viatu vimejaa matope. Jana alizipunguza picha mpaka zikapita. Wafadhili wamejibu: wanaona madoa ya kijani tu. Wana mtaalamu wa chai, anataka kubwa, kesho adhuhuri.

Sasa yuko sebuleni na Janeffer. Kompyuta imewashwa. Anangoja neno la siri la folda ya picha, ambalo ninalo mimi tu. Kijana wa kampuni ya mtandao ya Nairobi amemwambia atazame mafaili yanayoanza na nukta.

"Ni hao wa Nairobi waliweka, Mwalimu. Sisi tungejifungia aje?"

Janeffer naye: "Mwache mzee apumue kwanza."

Nimesema naja, namalizia kuandika kitu. Nikimpa hilo neno, picha zitaingia, na mtu wa chai hatahitaji kuuliza. Mawe huchana jani na kuponda gome. Kisu cha kupogolea hukata sawasawa, shamba zima tambarare kama meza.

Chai iliyopogolewa, kama yangu, haitoi kitu kwa miezi. Daktari alikuwa ameandika dawa mpya. Kumwomba Robert tena sikutaka, kusikia ile "nitaona, baba". Mvua ya mawe ikaja siku chache baada ya kupogoa, nami nikajiandikisha wa kwanza kwenye orodha ya msaada, juu ya Janeffer.

Wanjuhi anabisha mlango, polepole, kama anayeogopa kuniamsha.

Mawe yaliishia kwenye ua wa Janeffer. Kwangu halikuanguka hata moja.